Kopo la chumvi

Nkowe, Jumapili

Sijamwambia mtu yeyote: tangu asubuhi nina ujumbe unaomhusu Mjomba kwenye simu yangu, na nimeukalia.

Juzi alipima presha kwenye kibanda cha afya sokoni Ruangwa, akataka waandike namba yangu. "Mimi sitaki usumbufu." Leo wameandika kwamba presha yake iko juu sana, awahi hospitali, aache chumvi.

Bibi hana simu, kwa hiyo ujumbe wa hospitali wa kumkumbusha dawa zake za presha ulikuwa unaingia kwa Mjomba. Akawa anaufuta. "Matangazo tu yale." Dawa zikaisha, Bibi akaanguka shambani kwenye mikorosho. Sasa mkono wake wa kushoto hauinuki.

Jioni Mjomba akauliza, "Hiki kisamvu au maji ya kunawa?" Nikapiga magoti, nikampa kopo zima la chumvi kwa mikono miwili.

"Mama, huyu mtoto ana adabu," akamwambia Bibi.

Nilifurahi. Kweli nilifurahi. Halafu Bibi akamtazama mwanawe akila, akatabasamu, na mimi...

Kesho nitamsomea ujumbe wake mbele ya Bibi, na aseme mwenyewe alichokuwa anafuta. Ila la chumvi, daftari langu, naomba ulifiche, asijue Bibi.