Nyonga Yangu, Mkasi Wangu

Chumba cha kukatia,
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa Kitinda, mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na soksi? Huku wifi yako hajambo, na Mama yuko salama, anasikia yale anayotaka kuyasikia tu. Mimi nami ni mzima. Neno hilo lisome mara mbili, maana nasikia umeupigia simu ukoo mzima ukiwaambia nimelemaa.

Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu nikisema "lakini", wewe unasema "pole, Kaka", na mazungumzo yamekwisha. Kwenye karatasi huwezi kunikata kauli.

Baba Mdogo alikuja juzi na ujumbe wako: mwisho wa mwezi nimkabidhi mwanao, ninayemfundisha kazi hapa, mkasi, mimi nikae. Nikae wapi? Kwenye lile kochi ulilotuagizia, ambalo mtu akizama magoti yanamfika kidevuni? Kitinda, karakana hii niliianza na cherehani moja ya kukanyaga, chini ya ngazi za watu. Leo ziko saba. Siachii mkasi kwa ajili ya nyonga ambayo ninyi wenyewe mmeizidishia ubovu.

Ndiyo, ninyi. Maumivu tuliyaona gotini, basi wifi yako akasugua goti kwa dawa za kila rangi, hadi wateja wakawa wananijua kwa harufu kabla hawajaniona. Kumbe goti halikuwa na kosa. Nyonga ikiuma, maumivu yanaweza kushuka kinenani na pajani mpaka gotini, nanyi mkabaki kumsumbua jirani asiyehusika.

Kisha mwanao akaniona nachechemea. "Mjomba, mguu mmoja mfupi huo!" Akatoa futi, akanisimamisha kama mteja wa suruali, akapima kiunoni hadi sakafuni. Wa kulia ukapungua inchi moja kasoro robo. Akakupigia, nawe kutoka huko huko ukaamua, "Aongezewe soli!" Fundi viatu akaongeza. Nikawa natembea kama niliyepanda ngazi kwa mguu mmoja, naumia kuliko mwanzo, na nilipolalamika ndipo likaletwa kochi.

Mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mwenye vidole kama koleo, alipokiona kile kiatu alicheka hadi akatafuta kiti. Akanilaza chali, akapima kutoka mfupa wa nyonga hadi kifundo cha mguu. Yote miwili sawasawa.

"Mzee," akaniambia, "hapo mlipima suruali, hamkupima mtu."

Nilikuwa naukwepa mguu unaouma na kuegemea wa kushoto, ndiyo maana kiuno kiliinama upande wa kulia. Futi haikusema uongo, ila haikuulizwa swali sahihi. Na mimi, fundi mzima, nilisimama pale nikapimwa kimya!

Alinieleza kwamba gegedu la nyonga limelika kidogo, kama soli ya kiatu cha siku nyingi, lakini si la kunilaza. Kilicholala ni misuli ya ubavuni mwa kalio, ile inayoshikilia kiuno kisiiname. Miaka yote nimekaa kigodani nikikanyaga kwa mguu mmoja, halafu mkaimalizia kwa kochi. Dawa yake ni kuiamsha: nilale chali niinue makalio, nilale ubavu niinue mguu, nisimame kwa mguu mbovu huku nimeshika meza. Maumivu madogo wakati wa mazoezi nivumilie. Yakiamka nami kesho yake, nipunguze. Hata fimbo ya kutembelea nilikuwa naishika upande unaouma, kumbe inashikwa mkono wa pili. Mtaa mzima uliniona, hakuna aliyesema.

Wiki za kwanza nilimtukana yule dada moyoni kila nilipoinua mguu. Sasa huu ni mwezi wa tatu wa mazoezi. Napanda ngazi za nyumbani mguu baada ya mguu, na soksi navaa mwenyewe; wifi yako nimemfuta kazi hiyo.

Ila nilipokuwa nimezama kochini, mwanao alitandika kitambaa chote uso juu, asigeuze hata tabaka moja, akakata. Zikatoka suruali tisa zenye miguu miwili ya kushoto. "Zinarekebishika, Mjomba." Kwa mteja gani? Halafu miguu yangu ndiyo mnasema hailingani!

Simchukii. Ana jicho la rangi, na mdomo wake unaleta wateja. Apime yeye, nikate mimi, asimame ubavuni mwangu aone. Siku atakayokata suruali ya mistari na mistari ikakutana mshononi, nitampa mkasi bila kuulizwa na kikao cha ukoo. Yule dada naye ameridhia: nusu saa nisimame, kisha nikae kwenye kigoda kirefu, nyonga ziwe juu kuliko magoti, nitembee hadi mlangoni na kurudi.

Kwa hiyo nakuomba, mpigie Baba Mdogo leo hii, kwa sauti ile ile uliyonilemazia, umwambie mkasi haujahama. Kochi nimeliweka mlangoni kwa ajili ya wateja. Baba Mdogo mwenyewe alilikalia juzi, akavutwa na watu wawili.

Msalimie sana Shemeji, na wale mapacha waambie sare zao nitazikata kwa mkono wangu. Mungu akujalie viungo vyepesi, na ulimi uwe mzito kidogo unaposhika simu.

Wako akupendaye hata anapofoka,

Kaka yako

Nimesahau: barua hii nimeiandika nimesimama kwenye meza ya kukatia, isipokuwa pale pa Baba Mdogo na kochi. Hapo nilikaa, na si kwa sababu ya nyonga, ni kicheko.