Neno la Kutosha Mdomo

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nzima nimepigana na neno moja. "Miss." Kwenye tamthilia yule mama mwenye hoteli amesafiri, daktari anampigia simu, anamwambia "I miss you." Mdomo wa mwigizaji unafunguka mara tatu, nne, basi. Na sisi tunaotia sauti ya Kiswahili hatutafsiri maana peke yake, tunatafsiri na mdomo. Ukizidisha silabi, mtu keshafumba kinywa na maneno bado yanamtoka.

"Nimekukumbuka" — refu kama treni. Na hata lingetosha, kukumbuka si huko. Mtu hukumbuka hata alikoweka funguo. "Nina hamu nawe" — mwongozaji akasema inanukia jikoni. Akataka niandike "nimekumisi," eti ndivyo watu wanavyosema. Ni kweli wanasema. Hata mimi nasema. Lakini kama neno tunalirudisha vilevile lilivyokuja, mimi hapa niko kwa kazi gani?

Mwishowe nikaandika: "Uko mbali."

Sauti akaisoma mara moja tu. Sauti ndilo jina tunalomwita anayemsemea daktari. Mwembamba, alifiwa na mke zamani, mashati yake na pasi hawajaelewana. Ukikutana naye njiani utampita. Akifungua kinywa utarudi. Akasema "Uko mbali" polepole, kama mtu anayeongea na ukuta wa chumba chake, na pale studio hakuna aliyetikisika. Fundi mitambo alisahau kuzima. Mimi nikatoka kwenda kutafuta chai ambayo wala sikuitaka.

Maneno yangu, kinywa chake, na anayeambiwa ni mwanamke wa kwenye kioo. Kazi nzuri hii.

Jumatano, 5 Machi

Leo tumecheka mpaka mwongozaji akanuna. Kwenye skripti huwa naandika "pumua" pale mwigizaji anapovuta hewa. Malkia, anayemsemea mwenye hoteli, alikuwa hoi, akasoma kila alichokiona: "Sijakusahau pumua hata siku moja." Kwa uchungu kabisa, machozi yanamlenga. Fundi ameihifadhi, anatupigia kila tukikaa kula. Na Sauti kapata silaha. Akiniona nimekunja uso juu ya kamusi anapita nyuma yangu: "Mwalimu, pumua." Ananiita Mwalimu tangu siku ya kwanza nilipomsahihisha mbele za watu. Angekuwa mwingine angenuna.

Neno la leo: "fond." Mama mzazi wa daktari anamwambia mwenye hoteli kwamba yuko "fond" naye. Si "love." Ni chini yake kidogo, mahali pa joto la wastani. "Nakupenda" itazidi, mama mkwe hajafika huko. "Nimekuzoea" itapungua, hata kiatu tunakizoea. "Umenikaa vizuri"? Hilo la gauni.

Wenzetu hawa wana ngazi nzima. Wanapanda kidogo kidogo, "like," "fond," "care," mpaka "love," na kila kidato mtu anaweza kupumzika, au kushuka bila kuvunjika mguu. Sisi kitenzi ni kimoja. Kupenda. Napenda chai, napenda mvua, nakupenda. Ukishalitoa umelitoa lote. Halafu kwenye majina tunajaza kabati — mapenzi, mahaba, huba, nyonda, shauku. Lakini nani anasimama mbele ya mtu na kumwambia "nina huba nawe" bila kuonekana ametoka kwenye taarabu?

Nyumbani nikamuuliza mama yangu wakati tunakunja nguo. Mama hajui Kiingereza, na hajawahi kuona kuwa amepungukiwa. Nikamweleza: humpendi kama mume, humpendi kama mtoto, lakini akikosekana unaona. Akawaza, akakunja shuka mpaka mwisho. "Sisi tulikuwa tunasema fulani ana nafasi yake." Basi. Nimeandika: "Una nafasi yako hapa." Mdomo umetosha.

Akaniuliza ni nani huyo. Nikamwambia ni tamthilia. Akasema haya.

Ijumaa, 7 Machi

Anaondoka.

Sikuambiwa. Nilikuwa korido namsubiri mchapaji atoe kurasa, Sauti na Fundi wako ndani na mlango umeegeshwa tu. Anamwambia Fundi bintiye mkubwa amemtafutia kazi kwenye kituo cha redio huko anakokaa, kusoma taarifa. Chumba kipo, wajukuu wapo. Tukimaliza msimu huu, anafunga mizigo. Fundi akauliza, Mwalimu anajua? Akajibu kitu cha chini chini. Sauti yote ile, na hapo ndipo alipoamua kunong'ona.

Mchapaji akamaliza, akaniita mara mbili ndipo nikamsikia.

Mchana kikao kilikuwa cha "I care about you." Nimeandika "nakujali," nikafuta. Nakujali ni la benki kwa wateja wao. Nikaandika "naumia ukiumia." Refu. Nikafuta. Sauti akasogea, akatazama karatasi, akasema leo Mwalimu hapumui. Nikamwambia kazi imenielemea. Akasimama pale muda kidogo kama aliyesahau alichofuata, akaenda zake.

Nampenda. Hilo nimeliandika bila kamusi. Umri wangu si wa kutetemeka magoti, nimeshaolewa nikaachika, nimeona. Na bado naamka asubuhi nachagua gauni kwa ajili ya mtu atakayekaa nyuma ya kioo kizito ananipa mgongo. Wiki nzima atasema mapenzi niliyoyaandika mimi, neno kwa neno, na yote yatakwenda kwa mwingine. Halafu ataondoka akasome taarifa za mafuriko.

Jumapili, 9 Machi

Vipande vya mwanzo vimeanza kurushwa. Tumeangalia na mama. Anavyoangalia tamthilia mama ni kazi kusikiliza, maana anawajibu. Daktari akimwuliza mwenye hoteli swali, mama ndiye anayejibu kwanza, na mara nyingi jibu lake ni bora kuliko langu.

Kikafika kile kipande cha daktari kumletea mwavuli. Anamwambia: "Usiniambie hukuloa, nakuona." Mama akanyamaza. Tangazo la biashara likapita. Kisha: "Huyu daktari lugha ya baba yako kaipata wapi?"

Nikashtuka. Baba alikuwa anasema hivyo hivyo, mama akirudi na mvua huku anakataa kupewa taulo. Sikukusudia. Kwenye Kiingereza kulikuwa na maneno mengine kabisa, makavu, nikatafuta ya kuziba, na yaliyokuja ni hayo. Sijui ni mangapi mengine nimeyatoa humu ndani na kuyapeleka kule.

Mama akafuta macho kwa ncha ya kanga, akatabasamu. Halafu, bila kunitazama: "Na huyo anayemsemea, ana mke?"

Nikamwambia daktari hajaoa, ndiyo hadithi yenyewe.

"Daktari namwona. Nauliza aliye nyuma yake."

Nikasema alifiwa. Nikasema pia anahama. Sijui kwa nini nililisema la pili, hakuniuliza. Mama akapunguza sauti ya televisheni, kitu ambacho hakifanyi hata kwa mgonjwa. "Umemwambia?" Nimwambie nini, mama. "Hicho unachomwandikia." Nikasema hiyo ni kazi. Akasema, haya, mficha uchi hazai, akaongeza sauti ya televisheni.

Jumanne, 11 Machi

Skripti ya kipande cha mwisho imefika. Stesheni. Daktari ana sanduku, mguu mmoja uko kwenye ngazi ya behewa. Mwenye hoteli anasimama mbele yake. Hamwelezi kitu. Anasema neno moja.

"Stay."

Daktari anajibu "I can't," kisha kamera inakaa juu ya uso wake mpaka anashusha sanduku. Mwisho wa msimu.

Wanadamu gani hawa wenye neno dogo namna hii. Mdomo unafunguka kidogo, unatabasamu hata kabla haujamaliza. "Kaa" — mkaribishe kiti kabisa. "Baki" — kinachobaki ni ukoko wa sufuria. "Usiende" ndilo watu wangesema, ila limeanzia kwenye kukataza. Ukisema usiende umeshamwona anakwenda. "Stay" haimwoni akienda. Inamwona alipo, inataka aendelee kuwa hapo.

Mwongozaji anasema andika usiende, mbona unajitesa, neno moja hilo. Nikamwambia linatoka nje ya mdomo. Akasema watazamaji watakuwa wanalia, hawatahesabu.

Nimeacha wazi. Maneno yote ya ukurasa yamejaa, pale katikati pana nafasi nyeupe. Sijawahi kupeleka skripti yenye tundu.

Alhamisi, 13 Machi

Malkia kapoteza sauti. Si mzaha, anaongea kwa ishara, ameandika kwenye simu kwamba daktari wake (wa kweli) kamkataza kunong'ona hata. Na Sauti ana tiketi tayari. Hawezi kumsubiri apone.

Kwa hiyo mwongozaji kaamua: kesho Sauti arekodi sehemu yake, na mimi nikae naye kwenye kibanda cha kurekodia nisome za mwanamke, apate mtu wa kumjibu. Ndivyo tunavyofanya mmoja akikosekana. Sauti ya kuongoza, tunaita. Haiendi popote. Malkia akipona anasema juu yake, Fundi anafuta ya chini.

Nikasema nina mafua. Mwongozaji akasema hayatasikika.

Sauti alikuwepo. Akasema, "Afadhali Mwalimu. Maneno ni yake." Akaangalia saa yake ya mkononi ambayo najua imesimama.

Mama kanipigia pasi gauni la bluu bila kuombwa.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapa hapa kibandani, nyuma ya skripti. Tumepewa mapumziko.

Tulianza vizuri. Maiki mbili, hedifoni, viti vyetu vinakaribia kugusana maana chumba chenyewe kabati. Tukapita hoteli, tukapita ugomvi wa mama mkwe. Sauti yangu mwanzoni ilikuwa ya kusoma risiti, kisha ikalegea. Aliposema "hujaniuliza kwa nini naondoka," nikageuka kumwangalia badala ya kuangalia kioo. Hilo halifanyiki. Tunaangalia mdomo wa pale mbele, ndiyo kazi.

Stesheni. Sanduku. Mwanamke akasimama mbele yake. Nikatazama karatasi, pale peupe. Kwenye kioo mdomo ukafunguka.

Nikataja jina lake. Si la daktari. Lake, lile ambalo studio nzima hakuna anayelitumia. Sikulipanga. Lilitoka, na mdomo ule ukafumba nalo sawasawa.

Zamu yake ikafika. "Siwezi," ndilo lililoandikwa, nimeliandika mimi kwa herufi kubwa. Hakulisema. Picha ikaendelea, daktari wa kwenye kioo akatikisa midomo bila sauti, akashusha sanduku, maandishi ya mwisho yakapanda. Sauti alikuwa amevua hedifoni, amezishika magotini, ananitazama.

Mwongozaji akaingia kwenye spika. Nini hicho, nani kaandika hivyo, haya pumzikeni turudie kutoka stesheni. Akatoka. Hatukutoka. Mimi nikachukua kalamu, nikajifanya natafuta neno, ndiyo haya ninayoandika.

Sasa hivi Fundi kauliza kwenye spika, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. "Ile ya Mwalimu nifute?"

Amejibu Sauti, kwenye maiki, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Acha kwanza."

Amesogeza kiti. Skripti yake iko sakafuni, hajaiokota. Mwongozaji amerudi, anagonga kioo cha kibanda, anauliza kama neno limepatikana, na taa nyekundu imewaka.