Mihogo ya Mpakani

Muthetheni, 4 Mei 1998

Mwanangu Pauline,
Salamu nyingi. Sisi ni wazima, na mguu wa mama yako unaendelea kupona. Huko Thika baridi imeanza?
Hapa mihogo yangu inachimbuliwa karibu kila siku, upande wa mpaka wa Mutindi, yule mjane jirani. Jana nilimtaja kuwa ndiye mwizi kwenye baraza la chifu, watu wote wakisikia. Alilia tu.
Baba yako,
Josphat

Thika, 15 Mei 1998

Baba mpendwa,
Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi niko sawa, ila kikohozi kidogo.
Baba, si ni Mutindi aliyempikia Mama uji mwezi mzima alipolazwa? Ulimwona akichimba? Huenda ni mnyama; tega mtego kwanza, tafadhali.
Mwanao,
Pauline

Muthetheni, 2 Agosti 1998

Mwanangu,
U mzima? Sisi tupo. Nisamehe kwa kunyamaza.
Nilitega juma lile lile barua yako ilipofika. Asubuhi ya pili nikakuta nungunungu amenaswa mguu, kipande cha muhogo kando yake. Nilimuua nikamzika nyuma ya zizi. Sikumwambia mtu, hata mama yako.
Kikundi cha akina mama kilikuwa kimemfukuza Mutindi. Juni alichukua watoto wake akahamia kwa kaka yake huko Masinga. Nilimwona akifunga mizigo, nikaingia ndani.
Baba yako

Thika, 9 Agosti 1998

Baba,
Nimesoma barua yako mara tatu. Leo sina salamu.
Nenda Masinga.
Pauline

Muthetheni, 6 Septemba 1998

Mwanangu Pauline,
Habari ya kikohozi? Mama yako anakusalimu. Nimemweleza yote.
Nilienda. Mutindi alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba Pauline, uliniita mwizi mbele ya kijiji kizima. Msamaha umekuja kuuombea hapa, mbele ya kuku?"
Jumatano iliyofuata nilisimama barazani nikasema: ni nungunungu, nilijua tangu Mei, nikanyamaza. Wengine walicheka. Mwangangi, rafiki yangu wa miaka yote, aliinamisha kichwa.
Mutindi alirudi majuma mawili yaliyopita. Nimezungushia shamba langu mabati, nikayafukia chini kidogo wanyama wasipenye, na lake pia. Aliniacha nifanye kazi hiyo, hakunizuia wala hakunishukuru.
Namsalimu kila asubuhi. Bado hajaitika.
Baba yako,
Josphat