Unakula na Nani Huko Winnipeg?

Nyamitaba, Masisi
Tarehe 12 Septemba 2021

Mpendwa mdogo wangu Tuyizere,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kilimani. Je, u mzima? Usingizi unaupata? Baridi ya huko imeshaanza kukuuma masikio? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini likishapata jua anatutangulia sote shambani. Viazi vimeota vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Nimetumia karatasi kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Ukipiga, Mama anataka sauti itoke nje, na majirani nao wanasogea. Abbé Symphorien, padri wetu, anakuja kusoma huko kwenu, basi nimempa barua hii pamoja na kifurushi kidogo.

Asante kwa kuniambia ukweli wa daktari. Kwamba tension, yaani presha ya damu, iko juu, sukari nayo inapanda, na visiposhuka kabla ya Noeli hatakuruhusu kupanda ndege uje kwenye ubatizo wa Francine wangu. Niliogopa sana, mdogo wangu. Baba aliangushwa na tension hiyo hiyo, na mimi sitaki kukulilia wewe pia.

Hata hivyo picha yako ilinichekesha. Boksi zima la chakula cha Wachina kila jioni ukitoka kazini: wali wa kukaanga, nyama zilizovikwa unga, na mchuzi mwekundu unaong'aa kama kiatu cha Dominika. Halafu unasema unamaliza hata ukishashiba, kwa kuwa Mama alitufundisha kwamba kubakiza ni kumtukana aliyepika. Ee Tuyizere, mpishi mwenyewe yuko mtaa wa pili, atajuaje ulichobakiza?

Nilipokwenda harusini Kibua nilimwonyesha picha hiyo Mamy, binti wa shangazi, aliyewahi kupika katika kambi ya Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara. Alisema mchuzi wa namna hiyo hakuuona kambini hata siku moja. Wenyewe walikula wali mweupe, mboga za majani zilizopitishwa haraka motoni na kitunguu saumu, samaki wa mvuke, na supu nyepesi. Ule mchuzi mweusi wa soya walidondosha kidogo tu, maana ni chumvi tupu.

Basi ukiagiza, omba wali mweupe, tena kidogo, na mboga ziwe nyingi kuliko nyama. Samaki au kuku, sawa, ila asiwe wa kukaanga. Mchuzi wakuwekee kando, uchovye mwenyewe. Soda waachie, unywe chai yao isiyo na sukari. Na usione haya kuomba. Wewe uliyekuwa unawachosha wauza mbuzi sokoni mpaka wanakubali bei yako, utashindwaje kusema "chumvi kidogo"?

Mamy aliniambia na jambo lingine. Kule kambini hakuna aliyekuwa na sahani yake ya peke yake. Chakula kiliwekwa katikati ya meza, kila mmoja na kibakuli chake cha wali, wakachota kidogo kidogo huku wanaongea. Kama sisi tu. Hapo ndipo nilipolielewa boksi lako. Ni chakula cha watu wawili au watatu, na wewe unapigana nacho peke yako.

Sasa usikasirike: Mama anajua. Nilikuwa nasikiliza ujumbe wako wa sauti nyuma ya jikoni, nikidhani yuko kwenye kwaya, kumbe amesimama mlangoni na kuni. Nikangoja alie kwa ajili ya tension. Hakulia. Alitua kuni, akauliza, "Mutoto wangu anakulaka na nani kule?"

Jioni, tukimenya viazi, akasema tena polepole, "Kubakiza iko mubaya kama uko na bantu. Kama uko peke yako, sahani inakuwa kubwa sana. Umuambie atafute muntu."

Kesho yake, licha ya goti lake, alishuka mpaka kwa Nestor seremala. Ndiyo maana kifurushi hakina dawa wala jibini uliyoiomba. Ni vijiko viwili vya mbao. Kimoja ni chako. Cha pili Mama amekataza kisikae kabatini. Ni cha jirani, au cha mwenzako wa kazini, yeyote utakayemwita mgawane boksi lile. Na ukituma picha tena, anataka kuona mikono ya watu wawili.

Shemeji yako Bienvenu na watoto wote wanakusalimu. Mamy anakusalimu pia, anasema ukifika atakupikia chakula cha kambini. Mungu ailinde damu yako na njia yako, akurudishe kwetu ungali na nguvu za kumbeba Francine.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Mukasine