Simu Iliyolia Mara Mbili

Kwa Rasto Othieno, Baba Babra

Ni mwaka mzima sasa, Baba Babra, tangu simu yangu ilie mara mbili ile jioni, nami nikabandika maji ya ugali.

Hapa Busia, mpakani na Kenya, wengi wanakula kwa kuvuka mpaka. Wewe ulikula kwa kuwaomba watu wasivuke: mpaka wa kinamasi cha Buhehe, ile miti uliyoipaka rangi nyeupe kwa mkono wako. Kila kiangazi shirika la uhifadhi lilikuchukua miezi minne, uangalie nani amelima ndani, nani amechoma mafunjo, na korongo wamebaki wangapi. Ukimkuta mtu na jembe hukumfokea. Ulimuuliza hali ya watoto, mwishowe mkatoka pamoja, jembe umelibeba wewe. Walikuita Bwana Korongo kwa kukucheka, nawe ukawa unaitika.

Mkataba uliisha Machi. Ulirudisha darubini, ukarudisha na gambuti za ofisi. Mvua ikaanza, korongo wakataga, nawe ukaanza kwenda tena, sasa na kandambili. Nilikugombeza sana. Ukaniambia, "Mama Babra, ndege hawajui mkataba." Nilinuna, lakini mihogo yako nilikufungia.

Sheria ya simu uliiweka wewe. Ikilia mara moja ukakata, umefika salama. Ikilia mara mbili, yaani ukakata ukapiga tena, uko njiani kurudi, tusonge ugali. Na sisi tusikupigie kamwe ukiwa huko, mlio usije ukawarusha ndege kwenye mayai. Tulizoea hivyo miaka sita.

Siku ile ililia mara mbili. Babra akasema, "Baba anakuja," akaenda kuchuma mboga. Tulisonga, tukafunika, tukangoja. Ugali ulipopoa nilinung'unika kwamba umekutana tena na mtu wa kupiga naye soga. Sikukupigia. Mimi niliyekubishia kila kitu, siku hiyo nikatii.

Edimu, mwenzako wa kazi, ndiye aliyekukuta karibu na viota, mguu umevimba kwa sumu ya nyoka, simu mkononi. Alituonyesha. Ulinipigia mara mbili, na mara zote mbili mtandao wa Kenya ukaingilia, laini ikakatika kabla sijapokea. Ulikuwa unaniita, Baba Babra, nasi tukakusongea ugali.

Sijui nifanye nini na jambo hili. Padri ananiambia si kosa langu. Namsikia, namshukuru, narudi nyumbani nalo.

Mvua imerudi. Wamelima kupita miti yako mitatu. Ndugu yako Herbert alikwenda kuwasihi, wakamuuliza yeye ni nani, akarudi. Mtu mpya wa shirika ataletwa kiangazi. Korongo walioko sasa hakuna anayewahesabu, nami kwa mbali siwezi kutofautisha korongo na kichaka.

Jumamosi tutasali kaburini kwako kule Nabuyoga.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Teopista; binti yako Babra; mama yako Felistus, ambaye bado anakuwekea kiti; ndugu yako Herbert; na Edimu, ambaye tunamhesabu wa nyumbani.

Hatutakusahau kamwe. Siku hizi simu ikilia ikakatika, hata iwe namba tusiyoijua, Babra anaacha sufuria motoni anapiga, na anapiga tena, mpaka mtu aitike.