Maji Chini, Ng'ombe Juu

Komora, ndugu yangu,

Walikuzika siku ileile uliyofariki, kabla ya alasiri, na mimi nilikuwa Bangale na ng'ombe nikitafuta majani. Habari iliponifikia, tayari ulikuwa chini ya udongo. Sikukuosha, sikukubeba. Hilo linanichoma mpaka leo. Nikifika Kulesa miguu inanipeleka yenyewe kwenu, halafu namwona mkeo amekaa peke yake barazani, nakumbuka.

Watu wanakutaja kama injinia wa kwanza wa mfereji wetu. Mimi nakukumbuka na vigingi vyako. Ulitoka masomoni ukaja kupima mfereji wa kutoa maji mtoni hadi mashambani, na vigingi vikakata malka, njia yetu Waorma ya kunyweshea mifugo. Nilikuja na fimbo, nimeiva kwa hasira. Ukaniuliza tu, "Wanapita wapi hasa? Nionyeshe."

Asubuhi nzima ulifuata ng'ombe wangu, viatu vimejaa samadi. Kisha ukaving'oa vigingi mwenyewe, ukachora upya. Pale njiani ukafukia kalvati, mabomba makubwa ya saruji, maji yapite chini, ng'ombe wapite juu. Wakulima wenzako wakasema wafugaji wamekununua. Wenzangu wakasema nimekuuzia njia. Tulicheka, ingawa watu walikuwa wameshaanza kunoa mapanga.

Unamkumbuka yule jike mwekundu aliyeongoza kundi? Alisikia maji chini ya kwato, akagoma. Ukapanda juu ya kalvati ukarukaruka mbele yake, injinia mzima, kumwonyesha kwamba haivunjiki. Akakutazama weee, kisha akapita.

Kila mafuriko yakiisha uliingia mwenyewe kuzoa tope kwenye mdomo wa kalvati. Mimi nimekaa ukingoni na kibuyu cha maziwa, nakukosoa. Ukaniambia, "Wario, siku utakayoshika jembe, nitajua nimekufa." Kwa nini ulisema vile, Komora?

Mvua hizi tope limeiziba kalvati. Maji yalifurika, yakaharibu njia na mpunga. Mkutanoni vijana wa mashambani wakataka kalvati ing'olewe na malka izibwe kwa miiba. Vijana wangu wakaapa kuubomoa mfereji. Nilisimama niseme, nikaketi tena. Siku zote wewe ndiye uliyesema.

Nikatoka, nikaenda kumwomba mkeo jembe lako. Alilivuta chini ya kitanda, akalifuta kwa kanga yake, akaanza kulia. Nikalia naye, mzee mzima.

Niliingia kwenye tope la kalvati hadi kiunoni. Sijui kuchimba, viganja vimechubuka vyote. Vijana walikuja wakasimama ukingoni wakimtazama mfugaji na jembe, na hakuna aliyecheka. Halafu wakaanza kushuka, wa kwenu na wa kwetu. Kabla ya magharibi maji yakapita. Leo ng'ombe wamevuka juu ya kalvati. Niligeuka nikuambie, na hukuwepo.

Nenda salama, ndugu yangu. Mungu akupanulie hapo ulipolala. Kaburi lako sikulichimba, lakini tope la kalvati yako nitalizoa kila mafuriko, mpaka nguvu ziniishe.

Nimeshika jembe, Komora. Basi ni kweli umekufa.

Wario