Aliyeandika Jina la Rai

Bongwe, Ukunda
Jumatano, 6 Novemba 2024

Kwa kaka yangu Abdulwahab,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Warda na watoto, na lile goti lako liwe limezisikia dawa za huko Salala. Sisi huku twamshukuru Mungu kwa alichotuachia. Mama amepungua, hula vijiko viwili akasema ameshiba, lakini sala zake hazimpiti na bado hugomba mtu akimwekea chai isiyo na tangawizi. Shemeji yako Dama yumo edani nyumbani kwake, nami hulala huko pamoja na watoto. Wale wawili wakubwa wamerudi shule. Mdogo bado huuliza.

Najua utashangaa kupokea karatasi ilhali simu ipo. Kwa simu wewe hunikatiza, nami hukukatiza, ndivyo tulivyozaliwa. Haya nataka uyasome mpaka mwisho bila kunikatiza. Ndiyo maana nimempa jirani anayerudi huko Jumamosi.

Wiki ile tuliyomzika Rai ulinitumia ujumbe wa sauti ukaniuliza jambo moja. Ulitaka kujua ni nani aliyeandika jina la mdogo wetu katika orodha ya waliotolewa kazini. Ukasema hata hivyo umeshajua, ni meneja Gilbert, na kwamba umempigia simu ukamwambia ya kumwambia, na kila baada ya sala unainua mikono juu yake. Ulichotaka kwangu ni neno moja tu la kuthibitisha, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi na nilikaa kwenye meza ile. Nimenyamaza siku arobaini. Leo tumesoma khitma yake, na sasa nakujibu. Lakini niache nianze mwanzo, kwa sababu uliondoka Rai akiwa kijana wa kubeba mabomba, na hukupata kujua alikuja kuwa nani katika hoteli ile.

Hoteli ilikuwa na visima viwili. Kimoja kiko juu, karibu na barabara ya lami, maji yake matamu lakini machache. Kingine kiko nyuma ya jikoni, hatua chache kutoka ufukweni, maji yake mengi. Hicho cha pwani ndicho kilichokuwa na tabia. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, maji ya chumvi hupenya chini kwa chini yakaingia kisimani. Na si kila bamvua. Mvua ikiwa imenyesha vizuri kule juu, maji matamu huizuia bahari. Mwaka wa ukame, hata bamvua dogo hutosha. Hakuna kalenda inayoweza kukuambia. Kwa miaka kumi na tisa Rai alifika kila alfajiri, akateka kopo moja, akaonja, akatema. Akisikia munyu ulimini hufunga koki ya kisima cha pwani, akaendesha hoteli nzima kwa kisima cha juu, kwa kubana hapa na kulegeza pale, siku tatu au nne, mpaka bahari irudi kwao. Wageni hawakujua. Wenye hoteli huko Nairobi hawakujua. Mimi mwenyewe, niliyekuwa msimamizi wa udobi, nilijua kwa sababu tu sabuni yangu haikuwahi kukataa kutoa povu.

Gilbert alijua. Alitoka Vihiga na hakuwa mtu wa bahari, lakini alikuwa na macho. Aliwahi kumwomba Rai aandike kazi yake kwenye karatasi ili mtu mwingine aweze kuifanya akiugua. Rai alikaa na kalamu nusu saa, akampelekea mistari mitatu: onja, ukisikia chumvi funga, usiposikia, onja tena kesho. Gilbert alicheka mpaka akavua miwani, akauliza sasa mwenye ulimi mwingine atafanyaje. Rai akamjibu kwamba mwenye ulimi mwingine aanze leo, baada ya miaka mitatu watazungumza.

Kaka, wewe wanijua, mimi husoma kila kinachopita mbele yangu, magazeti mpaka yaliyofungiwa maandazi, na nimewasikia wataalamu wengi wakisema biashara ni mtaji, biashara ni eneo, biashara ni matangazo. Upuuzi. Mchanga mweupe Diani ni wa kila mtu. Kilichowarudisha wageni wetu, wazee wa Kijerumani, mwaka wa kumi na moja mfululizo ni kwamba wakishuka garini waliitwa kwa majina yao, na aliyewaita alikumbuka nani hali vitunguu na nani ana mgongo mbovu asiyetaka kitanda laini. Hayo hayaandikwi. Yanakaa ndani ya mtu, na mtu huyo ili ayaweke ndani yake ni lazima ajue kwamba kesho atakuwepo. Anayejua ataondolewa baada ya wiki kumi na mbili hakusanyi kitu. Na kwa nini akusanye?

Hayo yote nilimwambia mshauri ambaye wenye hoteli walimleta kutoka Nairobi baada ya msimu mmoja mbaya wa wageni wachache. Alisimama mbele yetu kantini akasema mfanyakazi wa kudumu ni mzigo, na kwamba hoteli inayotaka kupona lazima iwe nyepesi. Nikasimama nikamuuliza kama mwanawe akiugua atamtafutia daktari anayemjua tangu utotoni au daktari mwepesi. Watu walicheka. Yeye aliandika kitu kwenye daftari lake, na wiki mbili baadaye tukaambiwa kwamba kati yetu sitini na mmoja, watakaobaki wa kudumu ni ishirini na wawili. Waliosalia wangechukuliwa na wakala wa Mombasa, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kamati ilitakiwa iweke sahihi kwenye orodha ya watakaotolewa. Jina la kwanza juu kabisa lilikuwa Rai Boga.

Wakala yule alikuwa na mtindo wake. Sheria haipendi mtu afanywe kibarua mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo kila miezi mitatu ilipokaribia kutimia alimtoa mtu, akakaa nyumbani wiki kadhaa, kisha akamwita tena kama mgeni. Mtindo huo waliuita kupumzishwa. Rai alipopumzishwa mara ya kwanza, mahali pake paliletwa Elijah, kijana wa Kitale mwenye stashahada yake ya ufundi, mwenye bidii na adabu. Simlaumu hata kidogo. Siku ile maji yalipoharibika kulikuwa na wageni wa harusi wanaokuja, matangi yako nusu, na kuna kisima kimejaa maji. Nani asingefungua koki? Ilikuwa bamvua, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Idi.

Mimi nilijua saa mbili asubuhi, mikono yangu ikiwa ndani ya beseni. Sabuni ilikatika ikawa kama maziwa yaliyoganda. Kufikia saa nne chai ilikuwa imerudishwa jikoni, na bibi harusi alikuwa ameoga akatoka na nywele zimekakamaa. Walimwaga matangi yote mawili. Miezi miwili baadaye ikatokea tena, na aliyefungua hakuwa Elijah, maana Elijah naye alikuwa amepumzishwa. Alikuwa mwingine ambaye hata jina sikupata kulijua. Chumvi ikaingia kwenye hita za maji, kwenye mabomba, kwenye mashine zangu. Chuma kilikuwa kinaoza na hakuna hata mmoja aliyekaa muda wa kutosha kukiona kikioza.

Rai alikuwa bado hajaitwa tena, yuko nyumbani anaiangalia bahari. Ilipofika bamvua lililofuata, alfajiri alichukua spana yake akaenda kwenye lango la nyuma. Hakuitwa wala hakutumwa. Aliingia akaonja, akafunga koki, akawa anatoka. Mlinzi naye alikuwa wa wakala, wa wiki ya pili, hamjui. Alichokiona ni mtu asiye na kitambulisho, ana spana, anatoka kwenye mitambo ya maji. Rai alimweleza kwamba ametoka kuzuia chumvi. Mlinzi akamwambia kwamba hata mwizi wa kuku husema alikuja kumlisha. Wakamweka chini juani mpaka saa tano, mbele ya watu aliowafunza kazi. Gilbert aliandika barua ya kumtetea, lakini wenye hoteli waliisoma ripoti ya wakala, nayo ilisema kwamba mfanyakazi wa zamani mwenye kinyongo ndiye aliyekuwa akiharibu maji muda wote ule. Jina lake likafutwa kila mahali. Ndipo wewe huko ukasikia kwamba mdogo wako amefukuzwa kwa hujuma, ukakaa miezi saba bila kumpigia. Sikulaumu. Nakukumbusha tu kwamba hakuliweka moyoni. Alisema wewe una hasira za baba, huisha zenyewe.

Wale wazee wa Kijerumani walikuja Desemba, wakauliza jina moja baada ya jingine, wakajibiwa na vijana waliokuwa wakisomana vitambulisho vifuani. Hawakurudi. Mwezi wa sita mwaka huu hoteli ilifungwa, wakatundika kitambaa kinachosema matengenezo. Hakuna kinachotengenezwa. Wale ishirini na wawili waliobaki, nami nikiwemo, tuko majumbani kama wale tuliowatoa.

Rai akajiunga na wachimba visima. Unajua ardhi ya Bodo ilivyo, mchanga mtupu juu, na mwenye kazi hakutaka kusubiri pete za saruji za kuzuia kuta za kisima. Septemba ishirini na saba, kabla ya adhuhuri, ukuta ulimwangukia. Walimtoa baada ya sala ya alasiri. Gilbert alisafiri kutoka Vihiga akafika mazikoni, akasimama nyuma ya watu na viatu vyake mkononi, hajui kama ni vibaya kuvivaa. Hakuna aliyempa mkono. Mimi nilimwona, na mimi pia sikumpa.

Sasa jibu lako, kaka.

Gilbert aliniita ofisini siku ya Alhamisi, akanionyesha rasimu yake. Katika idara ya ufundi walikuwa watatu, abaki mmoja. Aliyembakiza ni Rai. Alisema hoteli inaweza kununua pampu mpya lakini ulimi ule hauuzwi dukani. Ni maneno yake hayo. Lakini siku moja kabla, pale kantini, Mbeyu wa jikoni alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba wali wa mwenyekiti umeshapakuliwa, na tungoje tuone kama ndugu wa mwenyekiti atagusika. Watu walicheka kicheko kile kile walichomcheka mshauri, safari hii wakinicheka mimi. Mimi, ambaye miaka yote nilisema sinunuliki. Nilipoliona jina la Rai kwa waliobaki, sikuviona visima. Nilikisikia kicheko.

Nilimwambia Gilbert kwamba akimwacha ndugu yangu pale kamati haitatia sahihi. Alibishana nami karibu saa nzima. Mwisho alinisukumia karatasi akasema yeye mkono wake hautaandika. Nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe, na nikaliweka la kwanza, ili kila mtu alione. Kesho yake niliisoma orodha kwa sauti. Watu walinipigia makofi, kaka, na nikayapenda. Rai alikuwa amekaa karibu na mlango. Naye alipiga.

Nyumbani nikasema ni Gilbert. Kwako nikasema ni Gilbert. Niliyesimama nikafundisha watu wazima thamani ya mtu anayekaa kazini, nilimtoa yule yule aliyekuwa ushahidi wa maneno yangu, ili nionekane msafi.

Leo asubuhi, watu walipoondoka baada ya khitma, nilimwambia Dama kwanza, maana jeraha ni lake. Hakulia wala hakunitazama. Aliendelea kukunja mikeka, akaniambia kwamba anajua, na Rai alijua. Gilbert alikuja nyumbani kwao wiki ile ile ya orodha kuomba radhi, na Rai alimbana mpaka akasema kila kitu. Kisha Rai akamkataza Dama asinitajie kamwe. Alisema mdomo wa dada ndio mlango wa watu wengi. Akiona haya atanyamaza, na akinyamaza ni nani atakayewasemea wale wengine. Dama anasema hata alicheka, akakumbusha kwamba tangu utotoni tukikosa pamoja nilikuwa nampiga yeye kwanza, ili mama asiseme nampendelea.

Mwaka mzima na zaidi alikula kwangu kila Ijumaa, akanisikiliza nikimtukana Gilbert, akaniongezea mchuzi.

Kamati nimeiacha. Wewe sikuombi unisamehe, hilo liko kwako na kwa Mola wako, wala si lazima uniambie umeamua nini. Ninachokuomba ni kimoja. Ishushe ile mikono juu ya Gilbert. Mpigie simu, umwambie kwamba ulimlaani kwa uongo wa nduguyo. Nambari yake ni ile ile. Mimi nilimpigia jana, akasema hana la kunidai, akauliza kama watoto wa Rai wamerudi shule. Nikakata simu.

Mama hajui bado. Anakusalimu sana, na anataka umletee mafuta ya miguu ukija. Nitamwambia mwenyewe keshokutwa baada ya sala ya Ijumaa, kabla jibu lako halijafika, ili isije ikawa nilingoja ruhusa yako. Dama anakusalimu, watoto wanaiomba dua yako, na wifi Warda mpe mkono wangu kama ataukubali. Mungu akulinde huko ugenini.

Ni mimi nduguyo,
Twaiba Boga